Mdogo wangu hataki kuacha, nifanye nini asife?

Msomaji mmoja, mwanamke wa miaka 31, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26. Alianza na kokeini kwenye sherehe za marafiki, sasa ni mwaka wa pili anavuta methamphetamini, ile inayofanana na vipande vya kioo. Anakesha siku tatu, nne, kisha anaanguka kama gogo. Tumempeleka mara mbili kwenye nyumba ya upataji nafuu na mara zote mbili ametoroka. Baba amesema asikanyage nyumbani mpaka aache. Mimi ndiye anayenipigia simu usiku wa manane, na mpaka sasa napokea. Nimesikia kuna kitu kinaitwa kupunguza madhara. Je, nikimfundisha namna ya kutumia bila kujiumiza, si ndiyo nimemruhusu? Na siku akinipigia hali ni mbaya, nifanye nini? Sitaki kumzika mdogo wangu."

Marahaba, mwanangu. Endelea kupokea simu. Kama ningepewa nafasi ya sentensi moja tu, ningeandika hiyo. Mimi ni muuguzi, miaka 19 sasa nahudumia watu wanaotumia dawa za kulevya, na wale niliowaona wakirudi kwenye maisha yao, karibu wote walikuwa na mtu mmoja ambaye hakuchoka kupokea. Nitakujibu kwa urefu, na nitasema nawe kama nasema na muuguzi mwenzangu anayeingia zamu ya usiku, maana ndiyo kazi uliyobeba.

Kwanza hili la ruhusa. Mdogo wako hajawahi kuomba ruhusa yako wala haisubiri. Usiku wa leo, umfundishe au usimfundishe, akitaka kuvuta atavuta. Kilicho mikononi mwako ni hali atakayoamka nayo. Hofu yako naiheshimu, na si wewe wa kwanza kuwa nayo. Mwaka 1984 huko Amsterdam, chama cha watumiaji wenyewe kilianza utaratibu wa kurudisha sindano iliyotumika na kupewa mpya. Waliogopa homa ya ini B, na duka moja la dawa lilikuwa linataka kuacha kuwauzia. Utaratibu huo uliposambaa, wengi walisema utazaa watumiaji wapya. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani lilipitia utafiti uliokuwepo na halikuona ushahidi wa kuaminika kwamba sindano safi zinaongeza matumizi. Huko Seattle watafiti walikuta kwamba watu walioanza kwenda kubadilisha sindano waliingia kwenye matibabu mara 5 zaidi ya wale ambao hawajawahi kwenda. Sababu yake naiona kila wiki mezani kwangu: mtu anakuja kuchukua sindano, anaondoka bila salamu. Mara ya nane anauliza kama namjua daktari wa meno. Mara ya ishirini anauliza, huku anatazama pembeni, kuacha kunaanzaje.

Ila mafundisho mengi utakayoyasikia yalitengenezwa kwa ajili ya heroini. Mdogo wako yuko kwenye vichangamshi, yaani dawa zinazouamsha mwili kama kokeini na methamphetamini, na vichangamshi vina njia yake ya kuua. Heroini inaua kwa dakika, kwa kuzima pumzi. Kichangamshi mara nyingi kinaua kwa saa na kwa siku, kwa kuuendesha mwili bila kuupumzisha. Ukilielewa hilo, karibu kila nitakachokuambia utakuwa umeshakibuni mwenyewe kabla hujafika mwisho wa barua.

Ubongo una kemikali zinazoamsha na kufurahisha, dopamini na noradrenalini zikiwa kubwa zaidi. Zikishafanya kazi yake, kwa kawaida hurudishwa ghalani. Kokeini inafunga mlango wa kurudia. Methamphetamini inafunga mlango na pia inazisukuma zilizoko ghalani zitoke nje kwa wingi. Kokeini haikai: baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka damuni, ndiyo maana anayeitumia hurudia na kurudia. Methamphetamini huchukua kama saa 10 kupungua nusu. Sasa piga hesabu. Akivuta asubuhi, jioni nusu bado imo, anaongeza juu yake, na kesho asubuhi vivyo hivyo. Wakati huo moyo unakimbia, mishipa ya damu imejibana, joto la mwili linapanda. Njaa, kiu, uchovu, vyote hivyo ni sauti za mwili zinazoomba msaada, na dawa hii imezinyamazisha. Mwili unaumia na mwenye mwili hasikii.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kulinda ni usingizi. Watu hushangaa nikianza hapo, wanategemea nianze na sindano.

Kijana mmoja alikuja chumbani kwangu ameshika kibano cha kunyolea nyusi. Ilikuwa siku yake ya nne. Alikuwa ameuchokonoa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kifundo, vidonda vidogo vidogo vimepangana kama nafaka, kwa sababu alikuwa akiwatoa wadudu waliokuwa wanatembea chini ya ngozi. Aliwaona. Akanionyesha mmoja, lilikuwa gamba la kidonda. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Nakuamini kwamba unawahisi, ngoja nisafishe mkono." Nilitumia maji na sabuni, taratibu, nikamfunga bandeji, nikampa maji anywe kwa vikombe viwili vidogo, nikazima taa na kumwomba alale kitandani hata kama hana usingizi. Alilala saa 14. Alipoamka aliutazama mkono muda mrefu, akauliza nani kamfunga.

Ile hali ya kuona wadudu, kusikia watu wanamsema ukutani, kuamini kwamba dada yake ameshirikiana na polisi, huletwa na dawa ikisaidiana na kukosa usingizi, na kwa walio wengi huisha wakilala na dawa ikitoka mwilini. Isipoisha baada ya siku kadhaa za kulala na kula bila kutumia, au akitaka kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo ni hospitali. Usibishane naye kuhusu anachokiona, wala usijifanye unakiona. Ongea polepole, usimzibe njia ya mlango, punguza mwanga na kelele.

Kaa naye siku ambayo yuko sawa, mkubaliane mambo machache. Kwamba usiku wa pili hauvuki bila kulala. Kwamba akitaka kulala usiku, anaacha kuvuta mapema mchana. Kwamba anakula kabla ya kuanza, kwa sababu akishaanza hatakula. Aweke kengele kwenye simu kila saa mbili ya kunywa maji, naam, kengele, maana kiu haitamkumbusha. ORS iwepo. Atoke na kiasi alichopanga tu, kingine na fedha nyingine abaki navyo mtu anayemwamini au viachwe mbali, kwa sababu uamuzi wa saa nane usiku hauwi kama ule wa saa nane mchana. Na asijilazimishe usingizi kwa vidonge vya mtaani. Vidonge vya kulalia vya bandia ni vingi, na hakuna anayejua ndani kuna nini. Hata akijilaza tu gizani amefumba macho, moyo unapata nafuu kidogo.

Hatavitimiza vyote. Akitimiza viwili, usiku wa tatu umekuwa wa pili, na hilo si jambo dogo.

Pili, kuchanganya. Kokeini na pombe zikikutana, ini hutengeneza kitu cha tatu, kokaethilini, ambacho hukaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na ni kikali zaidi kwa moyo. Wengi hunywa ili kutuliza wenge la kokeini, hawajui kwamba wanaongeza mzigo. Tramadoli, ile dawa ya maumivu, pamoja na kichangamshi huweza kuleta degedege. Baadhi ya dawa za sonona hazipatani kabisa na vichangamshi, na kama anatumia ARV zenye ritonavir au cobicistat, hizo zinaweza kupandisha kiwango cha methamphetamini damuni, kwa hiyo kiasi kile kile alichozoea kikawa kikubwa kupita kiasi. Mtoa huduma wake anapaswa kuambiwa. Asiache ARV ili avute, hilo nimeliona sana na linaniuma. Dozi ya ARV inywewe hata siku ya kuvuta.

Kisha kuna mchanganyiko asioujua. Marekani ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka, mwaka 2021, 2022 na 2023, kwa kuzidiwa na dawa, na sehemu kubwa ya waliokutwa na kokeini au methamphetamini walikuwa pia na fentanili. Fentanili ni ya jamii ya heroini, ila ina nguvu kuliko heroini mara nyingi. Mtu wa vichangamshi hana mazoea nayo mwilini, chembe kidogo inamzima. Kwa hiyo nalokisoni, dawa inayomrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini au fentanili, iwepo nyumbani hata kama mdogo wako anaapa kwamba hajawahi kugusa heroini. Haina madhara kwa mtu asiye na dawa za jamii hiyo mwilini. Pale vijikaratasi vya kupimia fentanili vinapopatikana, avitumie, na muwe makini kwenye kusoma: mstari mmoja maana yake fentanili imeonekana, miwili maana yake haijaonekana, kinyume na ambavyo mtu angedhani. Methamphetamini isipochanganywa na maji ya kutosha hudanganya kipimo na kuonyesha fentanili ambayo haipo. Miligramu 10 zinahitaji kijiko kizima cha chai cha maji. Na kupima kona moja ya mzigo hakusemi lolote kuhusu kona nyingine, kwa sababu fentanili haisambai sawasawa. Kipimo kikionyesha salama, bado aanze na kidogo, bado asiwe peke yake.

Namna ya kutumia nayo ina uzito wake. Anavuta, kwa hiyo kiko chake kiwe chake. Midomo ya wavutaji hupasuka na kuungua, damu hubaki mdomoni mwa kiko, na homa ya ini C huweza kupitia hapo. Kirusi chake ni kigumu kufa: ndani ya sindano kimewahi kukutwa hai baada ya siku 63. Kifua kikuu nacho hupendelea vyumba vilivyofungwa ambamo watu wanapokezana. Kioo kiwe cha kuhimili moto, si balbu iliyovunjwa wala kopo, maana balbu hupasukia mdomoni na kopo hutoa moshi wa rangi iliyopakwa juu yake. Mafuta ya midomo ni sehemu ya huduma, msiyadharau. Meno pia: mdomo hukauka, taya hujisaga usiku kucha, na vinywaji vya sukari humalizia kazi. Maji, jojo isiyo na sukari, mswaki hata mara moja kwa siku. Akirudi kwenye kunusa kokeini, awe na mrija wake mwenyewe, asitumie noti, na asafishe pua kwa maji safi akimaliza.

Hajidungi, na ningependa ulilinde hilo kuliko yote isipokuwa uhai wenyewe. Kokeini ya sindano ni tofauti na heroini ya sindano kwa idadi. Wa heroini anaweza kujidunga mara tatu au nne kwa siku, wa kokeini anaweza kufika ishirini. Vancouver ya miaka ya 1990 ilikuwa na huduma kubwa ya kubadilisha sindano, na bado VVU vililipuka miongoni mwa waliojidunga kokeini, kwa sababu sindano walizopewa hazikulingana na mara walizojidunga. Glasgow nayo ilipata mlipuko wa VVU kuanzia mwaka 2015, na kokeini ya sindano ilikuwa sehemu ya kisa. Siku akivuka huko, usimfiche na usijifiche: apate sindano mpya kwa kila mchomo, pamoja na maji na vyombo vyake mwenyewe, si sindano moja ya siku. Kokeini hutia ganzi, kwa hiyo akikosea mshipa hatasikia, ataona uvimbe kesho.

Kuhusu ngono, najua wewe ni dada yake. Dawa hii huondoa aibu na huongeza muda, ngozi laini hukauka na kuchubuka. Tia kondomu na vilainishi kwenye mfuko wake bila hotuba, na mwambie neno moja tu: kuna dawa za kumeza za kujikinga na VVU, aulize kituoni.

Sasa usiku wenyewe, maana swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike leo na si wiki ijayo.

Kichangamshi hakina dawa ya kukigeuza kama nalokisoni inavyoigeuza heroini. Kwa hiyo usikae ukimsubiri atulie. Ukiona mwili una joto kali na ngozi inawaka, au amechanganyikiwa hajui yuko wapi, au kifua kinabana, au kichwa kimempasuka ghafla kwa maumivu, au upande mmoja wa mwili umelegea na maneno hayatoki, au amepata degedege, piga simu ya dharura papo hapo. Ukishapiga, kazi yako ni kumpoza. Joto ndilo linalopika misuli, figo na ubongo, na likishapita nyuzi 40 kila dakika ina thamani. Mtoe penye watu wengi na penye jua. Mvue nguo za juu, mloweshe kwa maji ya kawaida mwili mzima, mpepee kwa nguvu kwa feni au kwa ubao au kwa chochote. Barafu ikiwepo ifungwe kitambaani na iwekwe makwapani, shingoni na kwenye kinena. Kama yuko macho na anaelewa, anywe maji kidogo kidogo. Kama hana fahamu, hata tone lisiingie mdomoni.

Degedege likimshika, sogeza vitu vigumu, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Likiisha, mlaze kwa ubavu. Na kama anahangaika na kupigana, watu wasimwangushe kifudifudi na kumkalia mgongoni. Mtu mwenye moyo unaokimbia hivyo hufa chini ya magoti ya watu waliotaka kumsaidia. Mpe nafasi, sema jina lake, sauti moja tu iongee.

Ukimkuta kinyume chake, amelala haamki, anapumua kwa kukoroma au pumzi moja moja, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, hiyo sura si ya kichangamshi. Hapo ni fentanili au heroini: nalokisoni, pumzi za mdomo kwa mdomo, simu ya dharura. Hapa wengi hukosea, maana mtu wa methamphetamini aliyekesha siku nne naye hulala kama amekufa. Tofauti ni kwamba wa usingizi anapumua vizuri, rangi yake iko sawa, na ukimsugua kwa nguvu mfupa wa kifuani atakunja uso au kukusukuma. Ukiwa na shaka, mpe nalokisoni na upige simu.

Maumivu ya kifua usiyapuuze kwa sababu ana miaka 26. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta kwamba ndani ya dakika 60 baada ya kutumia kokeini, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda karibu mara 24. Na hospitali muwaambie ukweli ametumia nini, kwa sababu zipo dawa za moyo ambazo daktari husita kumpa mtu mwenye kokeini mwilini, na zipo za kutuliza ambazo ndizo hasa anazozihitaji. Najua kusema ukweli kuna gharama. Niliwahi kumtuma kijana hospitali na barua yangu, kifua kinambana, na aliyekuwa mapokezi akaisoma barua kwa sauti mbele ya foleni yote. Kijana akaichukua barua yake akaondoka. Alirudi kwangu baada ya siku mbili, hai, na tangu siku hiyo simtumi mtu peke yake. Nenda naye. Ongea wewe.

Baada ya kukesha kuna kuanguka, na hapa ndipo familia hukosea bila kujua. Siku moja mbili atalala na kula. Mnafurahi, mnadhani imekwisha. Kisha dopamini iliyokwisha ghalani haijarudi, na inakuja huzuni nzito, hasira, hamu kali ya kuvuta. Hujitokeza mawazo ya kujiua. Siku hizo ndizo za kuwa karibu, na ndizo ambazo baba huchagua kutoa mahubiri. Muulize waziwazi, "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo aonane na mtaalamu.

Kuhusu kutoroka kwake mara mbili: usiliite kushindwa. Wa heroini ana methadoni, kidonge au maji anayokunywa kila siku yanayomshikilia. Kwa vichangamshi hakuna dawa ya namna hiyo iliyokubaliwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilichanganya sindano ya naltreksoni na kidonge cha bupropioni kwa watu wa methamphetamini. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 13.6, wakilinganishwa na 2.5 ya waliopewa sindano na kidonge visivyo na dawa ndani. Ni mwanzo, si suluhisho. Kilichoonyesha matokeo bora hadi sasa ni kitu ambacho watu hukidharau: kumpa mtu zawadi ndogo, vocha kwa mfano, kila anapoleta mkojo usio na dawa, na zawadi inakua kadiri anavyoendelea. Stephen Higgins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Vermont waliijaribu kwa watu wa kokeini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hospitali za maveterani wa Marekani zimekuwa zikiitumia tangu 2011. Inafanya kazi kwa sababu inajibu ubongo ule ule uliozoea malipo ya papo kwa papo. Ulizia huduma ya namna hiyo, pamoja na ushauri nasaha. Hata nyumbani unaweza kuazima kidogo: umelala usiku wa pili, mchana tunatoka wote.

Na mahali ambapo watu hufungwa minyororo au kupigwa ili waache, usimpeleke, hata wakikuahidi nini. Kumbuka pia jambo ambalo ningetaka kila nyumba ya upataji nafuu iliandike mlangoni: mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unasahau. Akitoroka na kurudi kwenye kiasi chake cha zamani, hicho kinaweza kumuua. Siku ya kutoroka ndiyo siku ya kupokea simu haraka kuliko zote.

Baba. Simlaumu, amechoka na anaogopa, na hasira ndiyo nguo ya hofu yake. Lakini kumfukuza mtu wa vichangamshi kunamnyang'anya kile kile anachokihitaji, mahali pa kulala. Mwaka 2014 jiji la São Paulo lilianza mpango kwa watu waliokuwa wakivuta kokeini mitaani: wakapewa vyumba vya kulala kwenye mahoteli madogo, chakula, na kazi ya kufagia yenye malipo ya kila siku, bila kushurutishwa kuacha kwanza. Utawala ulipobadilika, mwaka 2017 mpango ukafungwa. Wazo lake halijazeeka: mtu mwenye kitanda na kazi ya asubuhi ana sababu ya kulala usiku. Mwombe baba kitu kidogo. Asimruhusu kuvuta nyumbani, hilo ni haki yake. Asimpe fedha mkononi, na wewe pia una haki hiyo, pamoja na haki ya kulala usiku ambao umechoka ukamwachia simu binamu mnayemwamini. Ila akubali mwanawe aje kulala akishaanguka, na kuwe na shuka, maji na giza.

Andaa mfuko leo. Chupa ya maji, pakiti za ORS, kitu cha kula kisichoharibika, mafuta ya midomo, kondomu, nalokisoni, namba ya dharura iliyoandikwa kwenye karatasi kwa sababu simu yake huzimika. Uweke karibu na mlango. Na usiku atakapopiga, usianze na "uko wapi" wala "umetumia tena". Muulize mambo matatu, kwa sauti ya kawaida: umelala lini mara ya mwisho, umekunywa maji, uko na nani? Jibu lake litakuambia kama ni usiku wa kuongea tu au wa kuvaa viatu.

Ukishakaa naye, niandikie tena. Uniambie amelala saa ngapi.